Hivi timu ya chuo inayoshambulia kwa kasi inaua ulinzi wake yenyewe, au tunawaonea makocha?

#1 Mzaramo wa Garland
Wakuu salaam. Hii ni kwa mlioko Marekani mnaofuatilia mpira wa vyuo, ule wa helmeti. Wengine karibuni mjifunze.

Kazini kwetu, zamu ya usiku ghalani huku Texas, kuna ubishi umeingia wiki ya tatu. Jamaa mmoja ni shabiki wa kufa wa Texas Tech, chuo cha kule Lubbock. Anasema ulinzi wa timu yake haujawahi kuwa mbovu kwa asili, unauawa na ushambuliaji wao. Wanashambulia bila kukaa duara kupanga, mpira unatoka kila baada ya sekunde chache, ndani ya dakika moja wamefunga au wameurudisha. Walinzi hawajameza maji, wanaitwa tena. Robo ya nne miguu imekwisha, wanachapwa.

Nilikuwa namuunga mkono hadi juzi nilipojiuliza: kwani mpinzani hakimbizwi vilevile? Mbona yeye hachoki?

Mfano ninaoushika: Lubbock, 22 Oktoba 2016. Oklahoma 66, Texas Tech 59. Yadi 1,708 kwa timu zote mbili. Ile si mechi, ni Jangwani wakati wa masika. Wajuzi njooni.

#2 Kobe Mkongwe
Natandika mkeka. Kahawa ipo.

#3 Mama Neema
Na huo mpira wenu wa yai. Kabla hamjafika mbali tusaidieni tusiojua: kwani wanaoshambulia na wanaolinda si watu walewale?

#4 Fundi Saa
Mama Neema, sio. Kila timu ina watu 11 wa kushambulia na 11 wengine wa kulinda. Wenzao wakishambulia, walinzi wako benchi. Unapewa majaribio manne upate yadi 10. Ukizipata unahesabiwa upya, ukikwama unaurudisha mpira kwa mpinzani. Jaribio likiisha inaanza saa ya sekunde 40, mpira lazima utoke kabla haijafika sifuri. Timu ya kawaida inazitumia karibu zote. Timu ya kasi inaanza hata zikiwa zimebaki 25.

Halafu kuna ujanja ambao wengi hawauoni. Mshambuliaji akibadilisha mchezaji, mwamuzi lazima ampe mlinzi nafasi ya kubadilisha naye. Asipobadilisha, mlinzi hana ruhusa ya kusubiriwa. Kwa hiyo jitu la kilo 140 linalotakiwa lipumzike linabaki uwanjani jaribio la tano, la sita, la saba, linahema kama punda wa Lamu. Hiyo ndiyo silaha yenyewe. Kukimbia haraka ni mwonekano tu, kazi kubwa ni kumnyima mpinzani mabadiliko.

#5 Mama Neema
Asante, sasa nimeelewa. Masikini wa Mungu hao wanene.

#6 Mnandi wa Eugene
Wasee, niaje. Niko Eugene, Oregon tangu 2009. Nilikuja na ndoto za mbio, mbio zikanishinda, nikabaki na vitabu. Bahati nzuri ndio mwaka Chip Kelly alipewa ukocha wa timu ya chuo cha Oregon. Miaka minne, mechi 46 alishinda, 7 tu akapoteza. 2010 walikuwa wakifunga wastani wa pointi 47, hakuna chuo kiliwafikia nchi nzima.

Hiyo hoja ya ulinzi kufa sikuiona hapa. Mazoezi yao yalikuwa muziki juu, hakuna kusimama, kocha anaelezea makosa baadaye kwa video. Walinzi wakifanya mazoezi kila siku dhidi ya hiyo kasi, Jumamosi mpinzani anaonekana kama anatembea. Sisi tuliotoka Iten tunajua: ukifanya mazoezi juu mlimani, ukishuka chini hewa inakuwa ya bure. Halafu Nick Aliotti, kocha wa ulinzi, alikuwa anazungusha watu wengi sana. Hakuna mmoja aliyekamuliwa mpaka tone la mwisho.

Mwaka huo wa 2010 walienda kwa Cal, chuo cha California, Cal wakawabana hadi ikaisha 15-13. Ushambuliaji uligoma kabisa siku hiyo. Nani aliwaokoa? Ulinzi huo huo mnaosema umechoka.

#7 Chuma cha Reli
Ndiyo maana wakabeba ubingwa wa 2010. Kasi oyee.

#8 Fundi Saa
@Chuma cha Reli ubingwa gani? Fainali ilichezwa 10 Januari 2011, Auburn 22, Oregon 19, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho.

Ila mechi hiyo inawachanganya wote. Auburn nao walikuwa wa kasi, kocha wao wa ushambuliaji ni Gus Malzahn. Timu mbili za mbio, jumla pointi 41 tu.

#9 Chuma cha Reli
Nimekosea, nasahihishwa. Ila moyoni kwangu walibeba.

#10 Kokotoa
Tatizo la mada ni kipimo. Mnahesabu pointi kwa mechi, wakati mnatakiwa kuhesabu kwa zamu za mpira.

Zamu zinapokezana. Mimi nikimaliza, wewe unaanza. Siwezi kupata zamu 15 wewe ukapata 9. Tofauti huwa ni moja au mbili. Sasa chukua mfano wa kubuni. Timu ya polepole, mechi ina zamu 11 kila upande, ulinzi unaruhusu pointi 2 kwa zamu: 22. Ulinzi uleule uhamishie kwenye timu ya kasi, zamu ziwe 15, bado 2 kwa zamu: 30. Gazeti litaandika ulinzi umeporomoka. Haujaporomoka, umepewa kazi zaidi. Ni sawa na kumlaumu mwosha vyombo wa harusi kwamba kavunja sahani nyingi kuliko mke wako nyumbani.

#11 Kobe Mkongwe
Mfano wa sahani umenigusa, mimi ndiye mwosha vyombo nyumbani.

#12 Mzaramo wa Garland
@Kokotoa nimekuelewa, lakini umeificha hoja ya jamaa yangu ndani ya hesabu. Umesema "bado 2 kwa zamu". Yeye anasema zamu ya 15 haiwezi kuwa sawa na ya 3, kwa sababu ni miguu ileile. Kama uchovu upo, ile 2 inapanda kuwa 2 na nusu, 3. Hapo unajibu nini?

#13 Kokotoa
Najibu kwamba mpinzani naye yuko zamu ya 15. Wote wamechoka. Umeuliza mwenyewe kwenye #1.

#14 Mchumi wa Manzese
Hapana, hawajachoka sawa. Idadi ya zamu ni sawa, urefu wa zamu hauko sawa. Chukua Stanford na Oregon, Novemba 2013. Kelly keshaondoka Oregon, kocha ni Mark Helfrich, mtindo uleule. Stanford walishika mpira dakika 42 na sekunde 34 kati ya 60. Wakawa wanasukuma tu katikati, yadi nne, yadi tatu, yadi nne, kama watu wanaosukuma daladala iliyozima Kimara. Ikaisha 26-20 na haikuwa karibu kama namba zinavyoonyesha, maana Oregon walianza kufunga robo ya nne.

Oregon wakipata mpira wanautumia dakika moja na nusu, wanakwama, wanarudisha. Walinzi wanarudi kusukumana na majitu yale. Mkiniambia hapo hakuna uchovu nitasema hamjawahi kubeba gunia.

#15 Mnandi wa Eugene
@Mchumi wa Manzese hiyo mechi usinikumbushe. Lakini soma tena ulichoandika: "wanakwama". Shida ilikuwa kukwama au kasi? Timu ya polepole ikikwama mara tatu mfululizo inarudisha mpira vilevile, imekula labda dakika moja zaidi. Ukipata yadi zako, kasi haidhuru mtu. Ukikosa, hata ucheze kama kinyonga utaumia.

#16 Fundi Saa
Niongeze kitu ambacho hakijatajwa. Saa ya mchezo sio saa ya mapafu. Pasi ikidondoka, saa ya mchezo inasimama lakini mlinzi aliye benchi anaendelea kupumua. Timu yako ikifunga kwa sekunde 50, kuna mkwaju wa nyongeza, kuna matangazo ya televisheni, kuna kuanzisha mpira, wakati mwingine matangazo tena. Kwa saa ya ukutani mlinzi kakaa dakika nyingi tu. Hiyo takwimu ya "dakika za kumiliki mpira" inapima muda wa mchezo, haipimi mapumziko ya mtu. Mechi ya dakika 60 inachukua zaidi ya saa tatu, hizo nyingine zimekwenda wapi?

#17 Baba Elia
Fundi Saa, heshima kwako, ila njoo nikuonyeshe mwanangu.

Yuko sekondari, mwaka wa tatu, huku huku vitongoji vya Dallas. Anacheza nyuma kabisa kwenye ulinzi. Kocha wao kasoma video za vyuo, akaleta kasi. Msimu uliopita kuna mechi nilisimama na saa ya mkononi. Wenzake walifunga kwa majaribio matatu. Kijana alikuwa ndio kwanza kavua helmeti, chupa ya maji mkononi, akaangalia juu kwenye ubao wa matokeo, akacheka kicheko cha mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko. Sekondari hakuna matangazo ya televisheni, kaka. Mkwaju, kuanzisha mpira, ingia.

Na timu nyingi za sekondari zina watoto wanaocheza pande zote mbili. Mwanangu hakuwa mmoja wao, ila mwenzake wa mstari wa mbele alikuwa. Mtoto yule alitapika robo ya tatu. Tulipoteza 56-49. Ndani ya gari nikamuuliza, "Mlichoka?" Akasema, "Baba, hatukuchoka. Hatujui kukaba mtu anayekuja moja kwa moja, maana mazoezini hakuna anayetujia moja kwa moja."

Hilo jibu nimekaa nalo mwaka mzima.

#18 Kokotoa
@Baba Elia kijana ana akili kutuzidi wote humu. Mpe maua yake.

#19 Mchumi wa Manzese
Nami napokea. Kama mazoezini unakutana na pasi za haraka tu, mabeki wanajifunza kukimbiza, hawajifunzi kugongana. Mnandi anasema mazoezi yanajenga mapafu, kijana anasema yanabomoa mabega. Yote yanaweza kuwa kweli.

#20 Riziki wa Bukavu
Jambo yenu bandugu. Miye natoka Bukavu, niko huku Iowa miaka sita. Munasema kasi inaua ulinzi? Mukuje Iowa muone polepole.

Timu yetu ya Iowa, 2023, ilifunga wastani wa pointi 15 na kitu kwa mechi. Kumi na tano! Ulinzi ukaruhusu chini ya 15. Wakashinda mechi 10. Shujaa wa mji alikuwa Tory Taylor, Muaustralia, kazi yake kupiga mpira kwa mguu kuurudisha kwa adui. Alifikisha yadi 4,479 msimu mmoja, rekodi ya vyuo vyote. Nchi gani mupigaji wa kurudisha mpira anakuwa nyota? Ni hapa tu.

Sasa hoja yangu: kila mara ushambuliaji wetu ulikuwa unakwama na kurudisha mpira. Ulinzi ulikuwa kazini siku nzima. Mbona haukufa? Njo maana nasema, angalieni nani analinda, na nani anamufundisha.

#21 Chuma cha Reli
2022 hao hao Iowa walishinda 7-3 bila kuvuka mstari wa kufungia hata mara moja. Mkwaju mmoja wa pointi 3, na mara mbili walimnasa mpinzani kwenye eneo lake mwenyewe, pointi 2 kila moja. South Dakota State walirudi kwao hawaamini. Nimekosea tena, Fundi Saa?

#22 Fundi Saa
Hapo umepatia. Nimehakiki kwa kicheko.

#23 Mama Neema
7-3? Mimi nikadhani ni matokeo ya mpira wa kawaida.

#24 Bi Shekha
Nipo Columbus, Ohio, msomaji wa kimya, leo nimeshindwa.

Mnamsahau Nick Saban, kocha wa Alabama wakati ule. Mwaka 2012 alilalamika hadharani akahoji kama huu ndio mpira tunaoutaka. Februari 2014 ikaletwa hoja kwenye kamati ya sheria: mshambuliaji asicheze mpaka sekunde 10 za kwanza za ile saa ya 40 ziishe, mlinzi apate kubadilisha watu. Saban na Bret Bielema wa Arkansas waliiunga mkono kwa kigezo cha usalama wa wachezaji. Makocha wa kasi wakapiga kelele, Machi ikawekwa kando.

Sasa utamu. Januari ya mwaka huohuo Saban alikuwa ameshamchukua Lane Kiffin kuongoza ushambuliaji. Novemba Alabama wakacheza na Auburn: 55-44. Bwana aliyekuwa akilala na ulinzi kama mto, aliruhusu pointi 44 akatoka anatabasamu. Mwaka 2020 walifunga zaidi ya 48 kwa mechi, wakamaliza bila kupoteza, kombe kabatini. Asiyeweza kumzuia nyoka alimfuga.

Na ulinzi wake haukuwa ule wa 2011, hilo kila mtu aliona. Lakini ni kwa sababu ya kasi yake, au kwa sababu kila mpinzani naye sasa anakimbia? Mimi naona ni hilo la pili.

#25 Kobe Mkongwe
Bi Shekha, ulikuwa wapi siku zote? Rudi kimya ni marufuku.

#26 Mzaramo wa Garland
Swali la Bi Shekha ndilo la Texas Tech pia. Ile ligi yao ya Big 12 miaka ile ilikuwa wote vichaa. West Virginia na Baylor 2012: 70-63. Baylor na TCU 2014: 61-58. Utasemaje ulinzi wa Tech uliharibiwa na Tech?

#27 Ngariba wa Takwimu
Sababu mmeigeuza kichwa chini. Chuo kinachagua kasi KWA SABABU hakina ulinzi. Lubbock iko mbali na kila kitu. Kijana wa kilo 140 anayekimbia kama swala anakwenda Alabama au Austin. Wewe unabaki na wembamba wenye mbio, unafanyaje? Unacheza kwa kasi. Halafu watu wanakuja miaka mitano baadaye wanasema kasi imeleta udhaifu. Ni kama kusema miwani inaleta upofu, kwa kuwa kila mwenye miwani haoni vizuri.

#28 Mchumi wa Manzese
@Ngariba nzuri, ila haijakamilika. Mnyonge mwenye akili anapunguza zamu, haziongezi. Army, chuo cha jeshi, walifanya hivyo kwa Oklahoma, Septemba 2018. Walishika mpira zaidi ya dakika 44, Kyler Murray, mrusha pasi wa Oklahoma, kakaa benchi kama abiria aliyekosa basi. Wakapoteza 28-21, tena muda wa nyongeza. Zamu zikiwa chache, bahati ina nafasi. Zikiwa nyingi, mwenye nguvu atakupata tu. Sasa kwa nini mnyonge aongeze zamu?

#29 Ngariba wa Takwimu
Kwa sababu tiketi zinauzwa na 59, haziuzwi na dakika 44 za kusukumana.

#30 Baba Elia
Hapo kuna ukweli wa pesa ambao humu hatujaugusa. Tuendelee.

#31 Chuma cha Reli
Kwenye ile 66-59, Mahomes, mrusha pasi wa Tech, alirusha yadi 734, akavunja rekodi ya vyuo. Bado akapoteza. Ulinzi ule ulimkosea mtoto wa watu.

#32 Fundi Saa
Hakuivunja, aliifikia. Connor Halliday wa Washington State alirusha 734 hizohizo dhidi ya Cal, Oktoba 2014. Na yeye alipoteza. 60-59. Yaani wawili pekee wa vyuo vya daraja la juu waliofika 734, wote timu zao zilifunga 59, wote walilala.

#33 Kobe Mkongwe
Nimepata baridi. 59 icheze nani kwenye bahati nasibu?

#34 Kokotoa
Hapa nitenganishe kitu. Washington State ya Mike Leach ilikuwa ya pasi nyingi. Pasi nyingi sio kasi. Unaweza kupasi kila jaribio na ukatumia sekunde 35 kila mara, na unaweza kukimbia na mpira kama Oregon ya Kelly kila sekunde 15. Tunalipa jina moja mambo mawili. Pasi ikidondoka saa inasimama, zamu zinaongezeka hata kama hukuharakisha. Nusu ya lawama za kasi ni za pasi.

#35 Mnandi wa Eugene
Asante! Watu hudhani Kelly alikuwa wa pasi. Alikuwa anakimbiza mpira chini hadi nyasi ziombe msamaha.

Halafu alipoenda NFL, ligi ya kulipwa, na Philadelphia, mambo yakabadilika. 10-6, 10-6, mwaka wa tatu akafutwa kazi. Kule timu haikuwa na wachezaji 85 wa skolashipu wa kuzungusha kama vyuo vya wakati ule. Siku ya mechi walikuwa wanavaa 46. Ninyi wa uchovu mngetumia hiyo, nawapa bure.

#36 Mchumi wa Manzese
Nimeichukua, na risiti nimepata.

#37 Jirani wa Knoxville
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Hebu pimeni na hii: Tennessee ya Josh Heupel kule Kentucky, 6 Novemba 2021. Kentucky walicheza majaribio 99, wakashika mpira dakika 46 na sekunde 8. Tennessee majaribio 47, chini ya dakika 14. Yadi 612 kwa 461.

Nani alishinda? Tennessee, 45-42.

Ulinzi ulichakaa, nakubali, niliona kwa macho watu wamepiga magoti. Lakini mmoja wa walinzi haohao alinasa pasi akairudisha yadi 56 hadi mwisho. Na Kentucky wakiwa na mpira wa kumaliza kazi, hawakuweza kuupeleka. Sasa niambieni ulinzi ule uliuawa au uliokoa? Mimi mpaka leo sijui nimpongeze nani.

#38 Bi Shekha
Ila mwaka uliofuata hao hao Tennessee wakapigwa 63-38 na South Carolina, ndoto ya ubingwa ikaishia palepale.

#39 Jirani wa Knoxville
Bi Shekha umeona nimeiacha makusudi, ukaamua tu kuitia chumvi kidonda.

#40 Mama Neema
Na wale wanaojiangusha? Nimeangalia klipu, mtu mzima anatazama benchi, anapewa ishara, anaanguka kama Neema akinyimwa soda.

#41 Fundi Saa
Hiyo ndiyo dawa ya mtaani ya kasi. Ukianguka mchezo unasimama, wenzako wanapumua. Tangu 2025 kuna sheria: mlinzi akianguka baada ya mpira kuwekwa tayari, timu yake inakatwa muda wake mmoja wa mapumziko, na kama hauna, adhabu ya yadi 5. Na kuhusu saa, 2023 walishabadilisha: zamani ilisimama kila ukipata yadi 10, sasa inaendelea, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Kwa hiyo hizi mechi za 2012 na 2016 mnazozilia zilichezwa kwa saa nyingine.

#42 Kokotoa
Ndiyo maana kulinganisha miaka ni kazi.

#43 Riziki wa Bukavu
Iowa haikubadilika na saa yoyote.

#44 Mzaramo wa Garland
Nimerudi, ghalani. Nimemsomea jamaa uzi wote wakati wa mapumziko, nikitafsiri. Ya zamu amekubali nusu. Ya miwani amekasirika, anasema Lubbock sio mbali. Jibu la kijana wa Baba Elia alinyamaza kidogo, akasema yeye alicheza sekondari, mazoezini walikatazwa kugongana kwa nguvu ili ushambuliaji usikatishwe mwendo. Halafu akarudi palepale: "Walichoka tu."

Jumamosi anakuja kwangu. Nyama ipo, na nimenunua saa ya kuhesabia. Tutapima walinzi wanakaa benchi dakika ngapi kwa saa ya ukutani, kama alivyosema Fundi Saa.

#45 Fundi Saa
Pima pande zote mbili, sio timu yake tu.

#46 Baba Elia
Na uandike robo kwa robo.

#47 Kobe Mkongwe
Nyama ni saa ngapi?